Kasi ya vidole siyo inayokuangusha

Ndugu, umeuliza kwa nini, kwenye gemu za mapambano za mtandaoni, wachezaji wenye leveli na silaha sawa na zako wanakupiga kila mara, na kama dawa ni vidole vyepesi. Kasi inasaidia, ila kidogo. Kwenye World of Warcraft, kwa mfano, ukitumia uwezo mmoja mara nyingi unasubiri hadi sekunde 1.5 kabla ya mwingine, na bingwa naye anasubiri vilevile.

Tofauti ni kwamba yeye anakumbuka umeshatumia nini na umebakiwa na nini. Akikulazimisha utoe kinga yako kubwa, yaani uwezo wa kujilinda ambao ukishautumia huchukua muda kurudi, anakubana kwa nguvu zote kabla haijarudi. Wewe unaitoa lini? Wengi huitoa kwa hofu, uhai ukipungua kidogo tu, halafu shambulio la kweli likija hawana kitu. Anza kurekebisha hapo, tafadhali.

Kisha mchukue mhusika wa aina inayokusumbua zaidi, umcheze mwenyewe hadi ujue anaogopa nini. Rekodi mapambano unayoshindwa na usiangalie dakika ya kufa. Rudi nyuma, tafuta ni wapi kinga ilikutoka bure.