Hajawahi kunipiga: maswali yenu kuhusu ukatili wa maneno na sheria

Tangu niandike kuhusu masimango ndani ya ndoa, meseji zenu hazijakatika. Nimechagua saba. Nimezifupisha, nimeondoa majina, na palipokuwa na jambo la kumtambulisha mtu nimelitoa.

Shikamoo dada. Nina miaka kumi na moja kwenye ndoa na watoto watatu. Mume wangu hajawahi kuninyoshea mkono. Lakini haipiti siku bila kuambiwa kwamba alinitoa kwenye shida, kwamba mimi ni gunia la misumari, kwamba nyumba ni yake na nitatoka na kanga zangu mbili. Nilikwenda polisi nikaulizwa, "Alama iko wapi?" Sheria inaitambua hali yangu, au najidekeza? (Morogoro)

Marahaba mdogo wangu. Hujidekezi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971, kwenye kifungu cha 107, inaorodhesha mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ukatili umo, na sheria inasema wazi kwamba uwe wa kiakili au wa kimwili, ufanywe kwako au kwa watoto, ni ukatili. Neno hilo limo humo kwa zaidi ya miaka hamsini. Anayekwambia kwamba ukatili ni ngumi na makofi tu hajaisoma sheria yetu.

Sasa kuhusu polisi. Masimango peke yake si kosa la jinai, na ndiyo maana afande alitafuta alama. Lakini hakupaswa kukurudisha nyumbani mikono mitupu. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na ukatili wa kisaikolojia ni sehemu ya kazi yake. Usiongee kaunta mbele za watu. Omba upelekwe dawati, eleza, na usiondoke bila kuandikiwa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo. Na kama katika maneno yake kuna "nitakuua" au "nitakumwagia maji ya moto", hapo tumeshaondoka kwenye masimango. Kutishia kuua kwa maneno ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, hata kama hajakugusa.

La kanga mbili nisiliache, kwa sababu nalisikia karibu kila wiki. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa kwenye ndoa. Kupika, kufua, kulea, kuuguza: vyote vinahesabiwa. Anayekwambia huna chako anakutisha tu, na kitisho hicho nacho kiandike.

Yote anayafanya chumbani, mlango umefungwa. Nje ni mcheshi, kila mtu anampenda. Nani ataniamini? (Dodoma)

Kesi ya ndoa ni ya madai. Hutakiwi kuthibitisha bila kuacha shaka yoyote, kama kwenye kesi ya mauaji. Kinachotakiwa ni mizani iegemee upande wako, na maneno yako mwenyewe chini ya kiapo ni ushahidi.

Hakimu anatafuta mwenendo. Tusi moja la siku ya hasira halitoshi, maana kila nyumba ina siku yake mbaya. Mwenendo unaonekana kwa tarehe. Nunua daftari la kawaida la shule. Usiandike "ananitukana kila siku", maana hilo hata yeye anaweza kulisema juu yako. Andika hivi: "Jumapili, saa mbili usiku, tuko mezani. Akawaambia watoto, mama yenu hana akili, msimsikilize. Mkubwa akaacha chakula akaenda kulala." Siku, saa, maneno yenyewe, nani alikuwepo, kilichofuata. Mistari minne inatosha.

Ukienda hospitali kwa presha au kukosa usingizi, mwambie daktari chanzo chake. Cheti kilichoandikwa "maumivu ya kichwa" tu hakitakusaidia sana. Kilichoandikwa kwamba mgonjwa anaeleza hofu na kukosa usingizi kwa sababu ya vitisho vya mume kitakusaidia. Meseji na sauti za WhatsApp usizifute, na usibaki na picha ya skrini peke yake. Ziache kwenye simu, pamoja na namba yake na tarehe. Mashahidi unao wengi kuliko unavyodhani: dada wa kazi, mpangaji wa chumba cha pili, mshenga uliyemlalamikia mwaka juzi. Na hilo daftari lisilale nyumbani. Mpe shangazi, au mtu wa jumuiya unayemwamini.

Niliwahi kumsindikiza mama mmoja kwenye baraza la usuluhishi, jina la mahali nalihifadhi. Mumewe alikuja na suti, akazungumza vizuri, wazee wakamwelewa. Mama alipopewa nafasi alifungua fundo la kanga yake akatoa vikaratasi. Kila siku aliporudi sokoni alitakiwa aandike: nyanya 500, dagaa 1,000, mafuta 700, chenji 300. Mume alipiga tiki kila mstari na kuweka saini chini. Chenji ikipungua, hapati hela ya siku inayofuata, na watoto wanaambiwa mama yao ni mwizi. Vilikuwa vikaratasi kumi na vinne. Mwenyekiti alianza kuvisoma kwa sauti. Alipofika cha nne akaacha kusoma kwa sauti, akaendelea kimya hadi cha mwisho. Kisha akamuuliza yule mume, "Hii ni saini yako?" Mama hakuwa ameongea hata dakika tano.

Mimi ni mwanaume. Mke wangu ananitukana mbele ya watoto na mbele ya mafundi wangu, ananiita mwanamke mwenzake, anasema biashara ikiyumba tena ataondoka na watoto nisiwaone. Nikienda kusema si nitachekwa? (Moshi)

Wapo watakaocheka. Sheria haicheki. Kifungu nilichokitaja hakisemi mume wala mke, kinasema mlalamikaji na mlalamikiwa. Dawati la jinsia nalo linapokea wanaume. Anza na baraza la usuluhishi la kata yako au la dini yako, na umtaje fundi mmoja aliyesikia, kwa sababu wewe mashahidi unao. Kuhusu watoto, hakuna mzazi mwenye uamuzi wa mwisho peke yake. Mkishindwana mahakama ndiyo inayoamua, na inaangalia kwanza maslahi ya mtoto. Nasikitika kwamba umekaa na hili peke yako.

Hujambo dadangu. Naishi na baba ya mtoto wangu mwaka wa sita, hatujaoana. Yeye mwenyewe hasemi kitu, ila mamake na dada zake huja kila wikendi kunitusi, kunipekulia sanduku, na wanasema watanitoa kwenye nyumba. Kule kwenu mna sheria ya ndoa, sisi tusiooana tuna nini? (Kilifi)

Sijambo, mpenzi. Nyinyi mna sheria ambayo huku Bara tunaionea wivu. Kenya ilitunga Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani mwaka 2015. Humo ukatili wa kihisia na kisaikolojia umetajwa kwa jina, sambamba na matusi, vitisho, kumfuatafuata mtu na kumnyima riziki. Sheria inaueleza kuwa ni mwenendo wa kumdhalilisha mtu, kama vile kumtukana, kumkejeli au kumtishia mara kwa mara.

Mambo mawili yanakuhusu wewe hasa. La kwanza, si lazima muwe mmeoana. Wanaoishi nyumba moja, waliozaa pamoja, wachumba, hata walioachana, wote wamo. La pili ni lile ambalo watu wengi hawalijui: sheria hiyo imetaja wazi kuingiliwa na wakwe kuwa aina mojawapo ya ukatili. Mama mkwe anayekupekulia sanduku hawezi kujificha nyuma ya neno "desturi".

Unaweza kwenda mahakama ya hakimu kuomba amri ya kinga. Ukiwa hatarini, hakimu anaweza kutoa amri ya muda kabla wao hawajaitwa. Amri inaweza kuwakataza kukutusi, kuja unapoishi, au kumtuma mtu mwingine kwa niaba yao. Anayeivunja ametenda kosa la jinai na anaweza kufungwa. Usisahau kuripoti kituoni kwanza na kuchukua nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Huna pesa za wakili? FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi Mombasa, na simu ya bure 1195 hupokelewa kwa masuala haya.

Niko Unguja. Sheria ya 1971 inatuhusu? (Mjini Magharibi)

Haikuhusuni. Kwa Waislamu wa Zanzibar mashauri ya ndoa husikilizwa na Mahakama ya Kadhi. Mke anayedhuriwa anaweza kumuomba kadhi aivunje ndoa, na madhara si ya mwili tu. Ukizungumza naye, anza na yale aliyokwambia na aliyokunyima, tarehe kwa tarehe, usianze na machozi. Aya anaijua yeye kuliko mimi: kukaa kwa wema au kuachana kwa ihsani.

Niko Leicester, nimekuja kwa viza ya mume. Pasipoti yangu ameificha, simu yangu anaikagua kila usiku, na nikimjibu anasema atapiga simu nirudishwe Tanzania. Hajanipiga hata mara moja. (Uingereza)

Huko ulipo hilo ni kosa la jinai lenye jina lake. Tangu Sheria ya Makosa Makubwa ya mwaka 2015, kifungu cha 76, kumtawala na kumbana mwenzi kwa kurudiarudia, hadi aishi kwa hofu au maisha yake ya kila siku yaharibike, kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 5. Hakuna anayetakiwa kuonyesha jeraha.

Na hicho kitisho cha viza ndicho kinachowafunga mdomo dada zetu wengi huko, kwa hiyo nisikilize vizuri. Aliyekuja kwa viza ya mwenzi ambaye ni raia au mkaazi wa kudumu, ndoa ikivunjika kwa sababu ya ukatili, sheria za uhamiaji zinamruhusu aombe ukaazi wa kudumu kwa jina lake mwenyewe. Mume hana kalamu ya kukufukuza nchini. Lakini usiondoke na kuanza kujaza fomu peke yako. Piga kwanza simu ya bure ya ukatili wa nyumbani, 0808 2000 247, kwa simu ya rafiki kama yako inakaguliwa, na uombe kuunganishwa na mshauri wa uhamiaji.

Dada, kila ninayemuuliza ananipeleka kwenye talaka. Sitaki talaka. Nampenda mume wangu, nataka aache tu kunidhalilisha. Sheria inanisaidia nini? (Mwanza)

Swali kama lako ndilo lililonifanya nianze safu hii, na jibu lake linaniuma.

Huku Tanzania Bara ukatili wa kiakili umetambuliwa, lakini neno hilo limewekwa mlangoni pa kutokea. Linakufaa ukiwa unaomba ndoa ivunjwe. Mahakama inao uwezo wa kumkataza mwenzi asikusumbue, lakini ni pale kesi ya ndoa ikiwa imefunguliwa au imeshaamuliwa. Wewe unayetaka kubaki na kuishi kwa amani huna amri ya kinga kama ya yule dada wa Kilifi. Rwanda walitunga sheria yao ya kupinga ukatili wa kijinsia mwaka 2008, Uganda wakatunga ya ukatili wa nyumbani mwaka 2010, Kenya 2015. Sisi sheria mahsusi ya ukatili wa nyumbani hatuna. Mbunge wako akija kwenye mkutano, muulize hilo kabla hujamuuliza la barabara. Natamani kila mkutano aulizwe.

Kwa sasa tumia vilivyopo. Baraza la usuluhishi watu wengi wanaliendea kuchukua cheti cha kufungulia talaka tu, lakini kazi yake ya kwanza ni kusuluhisha, na unaweza kwenda kwa ajili hiyo. Ofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako naye anaweza kumwita mzungumze, na kwa wanaume wengine barua ya serikali inasikika kuliko wazee wa ukoo. Kama anakunyima matumizi ili unyenyekee, unaweza kudai matunzo mahakamani ukiwa bado ndani ya ndoa. Na mkifika mahali pa kuhitaji kupumua, kuna kutengana kwa amri ya mahakama, bila talaka.

Ukienda barazani usikubali kikao kiishe kwa "mmesikia, nendeni mkapendane". Omba waandike anachoahidi kuacha, kwa maneno yaleyale anayoyatumia, kwa mfano: hatakuita mgumba, hatakusimanga mbele ya ndugu zake. Asaini. Kisha omba tarehe ya kurudi, miezi miwili mbele, na siku hiyo uende na daftari lako, hata kama kurasa zake ni tupu.