Muziki wa vita kwenye gemu: ngoma zije mwisho

Wanaoanza kutunga muziki wa vita wa gemu kwa okestra ya kompyuta karibu wote huanzia mahali pamoja. Wanafungua ngoma kubwa, wanaongeza matoazi, kisha wanahangaika kutafuta cha kuweka juu yake. Ushauri ninaourudia kwa kila anayeniuliza ni kwamba ngoma zije mwisho, na sababu iko kwenye gemu yenyewe. Mtunzi wa filamu anajua pambano litaisha sekunde ya ngapi, wewe hujui. Mchezaji mmoja atammaliza adui kwa nusu dakika, mwingine atapambana naye robo saa, atakufa, atarudi, atakufa tena, na muda wote huo muziki wako unazunguka. Kishindo kilichomsisimua mara ya kwanza kitamchosha mara ya kumi. Mwendo mzuri wa ala za nyuzi hauchoshi upesi hivyo, na ndiyo maana mimi huanza na nyuzi.

Nachukua viola, nikiziongezea selo baadaye, na noti fupi za spikato, zile za uta unaodunda juu ya uzi. Tempo naiweka mapigo 160 kwa dakika, kwenye D maina, kipimo cha mapigo manne chenye noti nane. Noti hizo usizigawe nne kwa nne. Zigawe tatu, tatu, mbili, ili mkazo uangukie noti ya kwanza, ya nne na ya saba. Sikio linangoja mkazo kwenye noti ya tano, unakuja kwenye ya nne, na hapo muziki unaanza kusukuma mbele bila hata ngoma moja. Mfano ninaoutumia sana ni D-A-D, F-A-D, E-A, hiyo A ikiwa ya chini. Ukizisikiliza noti zenye mkazo peke yake utapata D, F, E, melodi ndogo iliyojificha ndani ya mwendo. Hiyo hiyo unaweza kuja kuipa honi, ile ala ya shaba, baadaye kwa noti ndefu, na wimbo mzima ukawa wa ukoo mmoja.

Kisha njoo kwenye velositi, yaani nguvu ya mguso, ambayo kwenye MIDI, lugha ambayo kompyuta hutumia kuamuru ala, mwisho wake ni 127. Noti zenye mkazo nazipa kati ya 100 na 112. Zilizobaki nazishusha hadi kati ya 55 na 75, na sikubali mbili zinazofuatana ziwe na namba moja. Watu wengi huogopa kuzishusha kiasi hicho wakidhani muziki utakosa nguvu. Ukweli ni kwamba mkazo unasikika kwa sababu ya noti dhaifu zilizo pembeni yake. Ukiziacha zote kwenye 100 utapata cherehani.

Angalia pia kama maktaba yako ya sauti, yaani mkusanyiko wa rekodi za ala halisi unaozipiga kwa kompyuta, imerekodi noti ile ile mara kadhaa na inazipiga kwa zamu. Nyingi hufanya hivyo, mara tatu au nne kwa kila noti, ili sampuli moja, yaani rekodi moja ya noti, isijirudie neno kwa neno. Kama yako haina zamu hizo, usirudie noti moja mfululizo. Mfano niliotoa hapo juu hauna noti mbili zinazofanana zilizokaa pamoja, na sababu mojawapo ni hiyo. Ukishaupata mwendo unaokuridhisha, uache uzunguke dakika tano huku ukifanya shughuli nyingine. Ukianza kukukera, urekebishe wakati huo huo, kabla hujaurundikia ala nyingine.

Na wala hulazimiki kubaki kwenye mapigo manne. Gustav Holst alipotunga “Mars” mwaka 1914 alitumia mapigo matano, na mwanzoni aliwapa wapiga nyuzi kazi ya kugonga nyuzi kwa mti wa uta, kwa sauti ya chini. Kitisho kinaingia polepole kabla ya kulipuka. Nakushauri ukisikilize kipande hicho ukiwa na kalamu mkononi, uandike kila ala inapoingia.

Baada ya nyuzi, ala za shaba, na hapa ndipo okestra ya kompyuta hujulikana kuwa ni ya kompyuta. Kwenye noti ndefu, maktaba nyingi haziongozwi na velositi. Zinaongozwa na gurudumu la modulesheni la kinanda, ambalo kwenye MIDI huitwa CC1. Ukilipandisha, programu inakuhamisha kutoka rekodi za honi iliyopigwa kwa upole kwenda za honi iliyopigwa kwa nguvu. Tofauti hiyo ni zaidi ya ukubwa wa sauti: honi ikipigwa kwa nguvu hubadilika rangi, inakuwa kali, ina makali ya chuma. CC11, kidhibiti kingine cha MIDI, kwa kawaida hupandisha na kushusha sauti tu, rangi ikibaki ile ile. Ukitumia CC11 au kitufe cha volyumu kupata kilele, utapata honi ya upole iliyokuzwa, na msikilizaji ataihisi hata asipoweza kueleza ina kasoro gani.

Chukua noti moja ya honi ya vipimo viwili. Ianze CC1 ikiwa 40, ipande hadi 95 kufikia katikati ya kipimo cha pili, kisha ishuke kidogo kabla haijakatika. Noti inayofuata ianze 55. Mstari huo uchore kwa mkono, ukizungusha gurudumu huku muziki unapita, kwa sababu mkono una kusitasita ambako kipanya hakina. Usiufikishe 127 hovyo. Mimi naiweka akiba ile sehemu ya juu ya 110 kwa vipimo vinne au vitano tu vya kipande kizima, pale ninapotaka nywele za mchezaji zisimame.

Mpiga tarumbeta ana mapafu. Mwachie nafasi ya kuvuta pumzi, hata kama ala yako inaweza kushikilia noti hadi kesho. Na hesabu watu: kama maktaba imerekodi fidla 16 kwa pamoja, ukipiga kodi (noti kadhaa kwa wakati mmoja) ya noti tatu kwenye traki hiyo umeleta fidla 48 ukumbini, na sauti inakuwa nzito kama tope. Wagawie fidla za kwanza noti moja, za pili nyingine, viola ya tatu. Fidla haishuki chini ya G iliyo chini ya C ya kati, kwa hiyo maktaba ikikuruhusu kwenda chini zaidi, usiende. Huko chini nako kuna sheria yake: ukishuka zaidi ya C iliyo oktavu moja chini ya C ya kati, baki na oktavu na noti ya tano tu. Kodi iliyobanana huko haisikiki kama kodi, inasikika kama ngurumo.

Kuna jambo moja la kiufundi linalowasumbua wengi bila kujua. Legato, yaani noti zinazoungana bila pengo, kwenye maktaba nyingi huchelewa, kwa sababu sampuli ya mpito kutoka noti hadi noti inahitaji muda, wakati mwingine zaidi ya milisekunde 100. Ukizipanga noti sawasawa kwenye gridi, fidla zitasikika zikivutwa nyuma ya mapigo. Itangulize traki hiyo, ianze mapema kwa kiasi kinachotajwa kwenye mwongozo wa maktaba. Noti fupi huwa na ucheleweshaji wake tofauti, ndiyo maana naziweka kwenye traki yake.

Kuhusu maktaba ipi, sina maneno mengi. VSCO 2 Community Edition ya Versilian Studios inapatikana bure na inatosha kujifunzia kila nililoandika hapa. Jifunze moja hadi ujue ni noti gani ya selo inayokwaruza na ni kiwango gani cha CC1 kinachobadilisha rangi ghafla. Ninayoitumia zaidi hadi leo si kubwa kuliko zote nilizonazo, ila naijua.

Sasa ngoma. Zikija wakati huu utaona zinahitajika chache kuliko ulivyodhani, maana mwendo tayari upo. Naziweka kwenye mikazo ile ya tatu, tatu, mbili, na hata hapo naruka baadhi. Timpani, ngoma zinazotoa noti maalumu, nazilaza kwenye D na A ili zisigombane na besi. Kumbuka pia kwamba juu ya muziki huu zitakuja panga, milipuko na maneno ya wahusika, na eneo la kati ya hetzi 1,000 na 4,000 ndilo linalobeba sehemu kubwa ya kueleweka kwa maneno. Fidla na tarumbeta zikilijaza eneo hilo mfululizo, mwenye gemu atakushushia volyumu na kazi yako yote itazama. Ndiyo sababu melodi ya vita naipa honi na selo, na tarumbeta nazialika kwa muda mfupi. Jaribu kumiksi huku ukicheza video ya gemu yenye sauti zake. Inaudhi, lakini inakuonyesha ukweli ambao hedifoni peke yake hazikuonyeshi.

Kisha gawa kazi kwa matabaka. Mimi hutoa matatu: nyuzi za mwendo pamoja na besi, halafu ala za shaba, halafu ngoma na kwaya kama ipo. Yote yana urefu mmoja na yanaanza kwa pamoja, na programu kama FMOD au Wwise huyapandisha na kuyashusha kadiri hatari inavyoongezeka. Wazo la muziki unaofuata mchezo si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Michael Land na Peter McConnell walitengeneza mfumo wa iMUSE huko LucasArts kwa kazi hiyo. Hakikisha tabaka la kwanza linasimama peke yake. Likikosa besi, mchezaji aliyejificha nyuma ya ukuta akisubiri adui apite atasikia wimbo uliotobolewa.

Mwisho ni mzunguko wenyewe, na hapa hesabu inakusaidia. Vipimo 32 vya mapigo manne ni mapigo 128, ambayo kwa tempo 160 ni sekunde 48 kamili, sawa na sampuli 2,304,000 kwenye kiwango cha 48,000 kwa sekunde (hapa sampuli ni chembe ndogo kabisa ya sauti ndani ya faili, si rekodi ya noti). Kwa tempo 140, vipimo hivyo hivyo vinakupa sampuli 2,633,142 na sehemu ya sampuli juu yake, na faili haiwezi kukatwa katikati ya sampuli. Tofauti hiyo ni ndogo mno kusikika mara moja, lakini napenda tempo zinazogawanyika vizuri, kwa sababu matabaka yote yanakatwa mahali pamoja bila kubahatisha.

Linalosikika kweli ni mwangwi. Ukikata faili pale kipimo cha 32 kinapoisha, mwangwi wa noti za mwisho unakatika, na wimbo unarudi mwanzoni ukiwa mkavu. Dawa yake ni kuupiga wimbo mara mbili mfululizo kwenye programu ya kurekodia, kisha kutoa raundi ya pili tu. Mwanzo wake utakuwa umebeba mwangwi wa mwisho wa raundi ya kwanza, na kiungo hakitasikika. Toa faili ya aina ya WAV au OGG. MP3 iache, maana katika kubana sauti huongeza ukimya kidogo kwenye ncha za faili, na ukimya huo utasikika kila mzunguko unaporudi. Andaa pia kipande kifupi cha kumalizia, cha kipimo kimoja au viwili, kinachoweza kuingia mwanzoni mwa kipimo chochote mara adui anapoanguka, na kwenye majina ya mafaili yote andika tempo na idadi ya vipimo ili anayeyaweka kwenye gemu asilazimike kukuuliza.