Mchanga wa Karafuu: nilivyomzoesha paka wangu kujisaidia kwenye beseni

Karafuu alikuja kwetu akiwa na wiki saba, mdogo wa kutosha kwenye kiganja. Sisi tunakaa Kariakoo, ghorofa ya tatu. Udongo wa karibu uko chini ya mwarobaini, ng'ambo ya barabara. Mama yangu, aliyekulia Pangani, alishangaa nilipomwambia natafuta namna ya kumfundisha paka choo. "Kwani paka gani huyo asiyejua kufukia?" Kwao paka walitoka wenyewe, wakachimba mchangani, wakafukia, na hakuna aliyewahi kuwafundisha.

Mama alikuwa sahihi kuliko nilivyodhani. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, na kuchimba na kufukia anazaliwa nako. Wiki tatu za mwanzo hawezi kujisaidia peke yake, mama yake humlamba ndipo haja itoke. Kuanzia hapo anaanza kuparura chochote kilicholegea. Kwa hiyo kazi yako si kumfundisha kufukia. Kazi yako ni kumwekea mahali ambapo na yeye atapaona panafaa, na hapo ndipo nilipokosea.

Nilinunua beseni dogo, nikaliweka bafuni pembeni ya mashine ya kufulia kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Siku mbili mambo yalikwenda vizuri. Siku ya tatu mashine ikaanza kukamua nguo yeye yumo katikati ya haja. Alitoka mbio, mchanga ukatapakaa hadi koridoni, na hakurudi tena mle. Jioni nilipotaka kutandika mswala wangu nisali Magharibi, nikaukuta umelowa.

Mkojo wa paka ni najisi, na ule mswala nilipewa na marehemu bibi. Nilikasirika sana. Jirani akanishauri nimshike shingo nimsugue pua kwenye mkojo wake, ati atakoma. Nilifanya. Karafuu alijificha nyuma ya kabati mpaka usiku, na kwa wiki nzima kila nikiinua mkono kuchukua kitu alikuwa analala chini na kubana masikio. Mkojo nao haukukoma, ulihamia nyuma ya kochi nisikouona. Nakuomba sana usifanye kitendo hiki. Paka haunganishi ile adhabu na mkojo wa nusu saa iliyopita. Anaiunganisha na wewe, halafu anatafuta pa kujisaidia ambapo humfikii.

Nilianza upya. Nilinunua beseni pana la kufulia, lile ambalo paka mkubwa anaweza kugeuka ndani yake bila kugusa ukuta, kwani beseni zuri lina urefu wa paka mara moja na nusu. Kwa vile alikuwa bado mdogo, fundi alinikatia ukingo upande mmoja uwe chini, nikaulainisha kwa msasa. Nililiweka kwenye kona tulivu ya chumba cha stoo, mbali na bakuli la chakula, maana paka hapendi kunya mahali anapokula. Mlango wa stoo haufungwi kamwe. Watu wengi hulisahau hilo, halafu wanamlaumu paka aliyefungiwa nje ya choo chake.

Siku nne nilimweka stoo humo pamoja na kitanda chake, maji na vitu vya kuchezea, nikawa nakaa naye. Kila alipoamka, kila alipomaliza kula na kila alipochoka kucheza, nilimbeba taratibu na kumweka mchangani. Sikumshika mguu kumlazimisha kuchimba. Niliparura mchanga kwa kidole, shrr, shrr, na yeye akisikia ile sauti anainamisha kichwa, ananusa, anaanza. Akimaliza nilimpa kipande cha dagaa palepale. Kwenye beseni niliacha kidonge kimoja cha mchanga uliolowa ili harufu imkumbushe. Siku ya tano nilimwachia nyumba nzima, akarudi stoo mwenyewe.

Kuhusu mchanga, usiumie kwa kukosa ule wa dukani. Hata huko Marekani ulianza kuuzwa mwaka 1947, Ed Lowe wa Michigan alipoanza kuwauzia watu udongo wa mfinyanzi uliokaushwa. Kabla yake walitumia mchanga na majivu. Mimi nachukua mchanga laini wa ujenzi, nauchekecha kokoto zitoke, nauosha, nauanika juani mpaka ukauke kabisa, naumwaga kina cha vidole vitatu hivi. Mchanga wa bahari una chumvi na unashika unyevu. Majivu yanajaa nyumba nzima kwa nyayo zake. Maranda ya seremala yanafaa na ni mepesi kubeba hadi ghorofani, ila uliza kwanza kama mbao hazikutiwa dawa, na pitisha mkono kutafuta misumari. Ukinunua wa dukani chukua usio na manukato, kwani harufu unayoipenda wewe inamkera yeye. Ule unaogandamana ukilowa usimpe mtoto wa paka, maana watoto hulamba na kumeza kila kitu.

Asubuhi na jioni natoa vinyesi na mchanga uliolowa kwa upawa wa matundu, navifunga kwenye mfuko na kuvitupa jaani. Usimwage chooni, mchanga utaziba bomba. Kila wiki namwaga wote na kuosha beseni kwa maji ya moto na sabuni ya kawaida. Zile dawa za sakafu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikiingia kwenye maji mara nyingi zina fenoli, kemikali ambayo ini la paka haliwezi kuivunja vizuri. Klorini nayo ikikutana na mkojo inatoa hewa inayochoma macho na kifua. Aliponikojolea kochi nilitumia maji mengi, siki, kisha jua la siku nzima. Harufu ikibaki hata kidogo, atarudi palepale.

Wifi yangu alipokuja kukaa kwetu akiwa mjamzito, ndugu walitaka tumfukuze Karafuu. Daktari wake alitueleza vizuri: kuna kimelea cha toksoplazma kinachoweza kutoka kwenye kinyesi cha paka, lakini kinahitaji siku moja au zaidi nje ndipo kiweze kuambukiza. Mtu mwingine asafishe beseni kila siku, mjamzito anawe mikono, asile nyama isiyoiva, mboga zioshwe. Mtoto alizaliwa salama, na Karafuu yupo.

Karafuu alipofika miezi saba alianza kusimama, mkia juu unatetemeka, na kurusha mkojo kwenye pazia. Hilo si suala la choo, ni dume linaweka mpaka. Alihasiwa, na baada ya wiki kadhaa aliacha. Na kama una paka wawili, weka mabeseni matatu. Utaona ni mengi mpaka siku utakayomkuta mmoja amemzuia mwenzake mlangoni.

Lakini kitu ninachotaka zaidi mtu akijue ni hiki. Mwaka wa tatu, Karafuu ambaye hakuwa amekosea kwa miaka miwili alianza kuchuchumaa bafuni, kwenye zulia, kwenye sinki. Anakaza, analia kwa sauti nzito, anajilamba, hatoi kitu. Nilitaka kumfokea. Nikaenda kwanza kuangalia beseni lake, nikakuta mchanga mkavu tangu asubuhi. Hakuna hata tone.

Dume akichuchumaa bila kutoa mkojo, njia imeziba, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Usisubiri kesho. Nilimfunga kwenye kikapu usiku uleule nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Alimlaza usingizi, akampitisha mrija mwembamba, mkojo ukatoka umechanganyika na damu. Alikaa huko usiku mbili.

Aliporudi nyumbani alipita moja kwa moja hadi stoo, anayumba kidogo. Nilisimama mlangoni nikisikiliza. Shrr, shrr. Alipotoka niliinama na upawa, nikakuta donge la mchanga uliolowa, kubwa kama yai. Nikampigia mama simu Pangani saa hiyohiyo, saa tano za usiku, kumwambia Karafuu amekojoa.