Mnauliza, Tunajibu: Redio ya Waasia, kutoka Leicester hadi studio yako

SWALI: Wahariri, salaam. Nasikia redio ya Waasia kule Uingereza ilianzishwa na watu waliotoka huku kwetu. Kuna ukweli? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Upo, ila tuuweke sawa. Kituo chenyewe kilikuwa cha BBC, na waliotoka huku ndio waliokipa sababu ya kuwahudumia Waasia kila siku. Wengi waliohamia mji wa Leicester walitoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha wakaja wa Uganda mwaka 1972, Idi Amin alipowapa siku 90 wawe wameondoka. Halmashauri ya mji ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende Leicester. Wakaenda.

Mwaka 1976 BBC Radio Leicester ikaanzisha kipindi cha kila siku kwa ajili yao, Six O'Clock Show, yaani saa kumi na mbili jioni kwa hesabu yetu. Watangazaji wake wa mwanzo walikuwa Mira Trivedi na Don Kotak. BBC ilikuwa na vipindi vya wahamiaji tangu 1965, lakini vile vilikusudiwa zaidi kumsaidia mgeni kujifunza Kiingereza na kuzoea nchi. Trivedi na Kotak walimsemesha msikilizaji kama mwenyeji mwenye mtaa wake na nyimbo zake, na hilo kwetu ndilo jambo kubwa katika historia hii yote. Kutoka hapo ikazaliwa Asian Network, redio ya BBC ya Waasia, mwaka 1988, ikiwa ya eneo la Midlands, katikati ya Uingereza, na mwaka 2002 ikaanza kusikika nchi nzima. Kotak naye akaenda kuanzisha kituo chake cha biashara, Sabras Radio, huko huko Leicester.

Mwaka huo huo wa 2002, Radio 1, kituo cha BBC cha muziki wa vijana, iliwapa watangazaji Bobby Friction na Nihal kipindi cha muziki wa vijana wenye asili ya Asia. Wao walizungumza Kiingereza cha mtaani, kwa sababu ndicho walichokulia. Friction ni Mpunjabi wa magharibi ya London. Wazazi wa Nihal wanatoka Sri Lanka. Kizazi kilikuwa kimebadilika, na redio ikabadilika nacho.

SWALI: Nimepewa saa moja kila Jumamosi katika redio ya jamii nitangaze utamaduni wa Waasia wa mji wetu. Mimi si Mhindi, ila nimekulia Kariakoo pamoja nao. Nianzie wapi? – Mtangazaji mchanga, Dar es Salaam

JIBU: Anza na saa yenyewe. Wimbo wa filamu wa zamani hufika dakika tano kwa urahisi, kwa hiyo panga nyimbo sita tu: dakika 30. Mahojiano 12, simu za wasikilizaji 8, matangazo ya misiba, harusi na sherehe 5, na maneno yako mwenyewe 5. Wengi hupanga nyimbo kumi, wakifika katikati wanaanza kuzikata, na hakuna kinachomuudhi msikilizaji mzee kama wimbo kukatwa kabla ya ubeti wa mwisho.

Halafu jua unaongea na nani. Nyuma ya jina "Wahindi" kuna Wahindu wa Kigujarati, Bohora, Ismailia na Ithnaasheri ambao ni Waislamu wa Kishia, Wagoa ambao ni Wakatoliki, Wasikh wa Punjab, Wabaluchi na wengineo. Ukifungua kipindi kwa "namaste" peke yake umewaacha nje zaidi ya nusu ya hao. Salimu kwa Kiswahili kwanza, kwa kuwa ndicho kinachowaunganisha na majirani zao, kisha ongeza "namaste", "salaam aleikum", "sat sri akal" ya Wasikh na "kem cho" ya Wagujarati. Kalenda nayo ina mitego. Vaisakhi ya Wasikh huangukia tarehe 13 au 14 Aprili, Navroz, mwaka mpya wa Ismailia, ni tarehe 21 Machi, lakini Diwali ya Wahindu huhama kati ya Oktoba na Novemba. Idi nayo inategemea mwezi, na Bohora wana kalenda yao ya hesabu, hivyo wanaweza kusherehekea siku moja au mbili kabla ya wengine. Usitangaze tarehe kwa kukisia. Piga simu msikitini au hekaluni wiki hiyo hiyo.

Majina ndipo Waswahili tunapojikwaa zaidi. Dhol, ile ngoma kubwa ya Kipunjabi, haitamkwi kwa dh ya "dhahabu". Ni d yenye pumzi nyuma yake. Thakkar vilevile: ni t yenye pumzi, mbali na th ya "thamani". Dawa ni rahisi. Kabla ya mahojiano washa kinasa sauti, mwombe mgeni ajitaje jina mara mbili, kisha lisikilize tena kabla ya kuingia hewani.

Katika nyimbo za filamu, taja mwimbaji, mtunzi wa muziki na mtunzi wa maneno. Mwigizaji anayeonekana kwenye picha kwa kawaida hakuimba. Alifungua mdomo tu juu ya sauti ya mwingine. Na usisahau kuweka taarabu kando ya nyimbo hizo. Juma Bhalo wa Mombasa aliimba Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, na wimbo wake mmoja ukifuatwa na wa Kihindi uliozaa mahadhi hayo utawasha simu zote za studio.

SWALI: Ninaishi Uingereza. Nataka kumrekodi jirani, bibi wa Kigujarati aliyetoka Kampala mwaka 1972. Anachanganya Kigujarati, Kiingereza na Kiswahili. Nifanyeje? – Msomaji, Leicester

JIBU: Mwache achanganye, wala usikate Kiswahili chake wakati wa kuhariri. Akisema "duka" au "fundi" katikati ya sentensi ya Kigujarati, hapo ndipo Kampala inaposikika.

Chagua chumba chenye zulia na mapazia. Zima friji na saa ya ukutani, lakini weka ufunguo wa gari ndani ya friji ili usisahau kuiwasha tena. Maikrofoni iwe umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige, na isiwe juu ya meza ya chai kwani kila kikombe kitasikika. Kwenye mipangilio ya kinasa sauti chagua WAV, faili la sauti isiyobanwa, 48 kHz, biti 24. Mwishoni kaeni kimya sekunde 30 urekodi ukimya wa chumba. Utauhitaji kuziba mapengo unapohariri.

Usiulize "ulijisikiaje kufukuzwa?" Utajibiwa sentensi moja. Uliza duka lilikuwa barabara gani, nani alibaki na funguo, walitua uwanja gani wa ndege (ndege ya kwanza ilitua Stansted tarehe 18 Septemba 1972), na walipelekwa kambi ipi ya kupokelea wakimbizi. Kambi ya Stradishall, Suffolk, ilipokea wengi. Akinyamaza, hesabu moyoni hadi kumi kabla ya swali jingine. Dakika 40 zatosha kwa siku moja. Rudi wiki ijayo, na nakala ya kwanza mpe yeye.