Usiniulize chuo, niulize kozi: maswali na majibu ya msimu wa udahili

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, maswali yanayonifikia huwa ya aina moja. Safari hii nimechagua yanayohusu vyuo vikuu vya umma, maana ndivyo vinavyogombaniwa na ndivyo vinavyosifiwa au kupondwa kupita kiasi. Walioniuliza alama za kuingilia kila kozi wafungue kitabu cha mwongozo cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kipo bure kwenye tovuti ya Tume.

Shikamoo Mwalimu. Nimepata daraja la kwanza, kombi ya EGM (uchumi, jiografia na hisabati). Chuo gani ni bora Tanzania? (Kijana, Shinyanga)

Marahaba. Bora kwa kusoma nini? Hukusema. Mtu wa EGM anaweza kwenda uchumi, takwimu, mipango miji, uhasibu au ualimu, na hakuna chuo kinachoongoza kwa hayo yote. Niandikie tena ukishajua unataka kufanya kazi gani.

Binti yangu amechaguliwa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), sayansi ya kompyuta. Mimi nilitaka Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam). Hapa mtaani wanasema UDOM ni chuo cha kata, na kusema kweli ninaona aibu. Nimzuie? (Mama, Tabora)

Usimzuie. Na kwa kuwa maneno haya ya "chuo cha kata" yameshawaumiza vijana wengi wasio na kosa, nitayajibu kwa kirefu.

Mlimani ilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, ikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Ikahamia kule mlimani 1964, na 1970 ikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Kwa miaka mingi bara hapakuwa na chuo kikuu kingine. Aliyesoma kilimo Morogoro alikuwa na cheti cha Mlimani, na daktari wa Muhimbili vilevile. Sokoine ilijitenga 1984, Muhimbili na Ardhi zikawa vyuo vikuu kamili 2007. Kikwete alipita Mlimani, Magufuli alipita, hata Museveni wa Uganda alisoma pale. Kwa hiyo mzee akikwambia "Mlimani ni Mlimani", anakumbuka miaka ambayo nchi nzima ilikuwa na mlango mmoja. Kumbukumbu hiyo ni halali yake, ila haikuambii chochote kuhusu mhadhiri atakayemfundisha binti yako mwaka huu.

UDOM nayo ilianza 2007. Ilipangwa ifike wanafunzi 40,000, ikakua kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo iliyoanza kuiletea maneno. Kisha 2016 Serikali ikawarudisha nyumbani wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, nchi nzima ikaona picha zao na mabegi, na jina la chuo likachafuka kwa jambo ambalo wanafunzi wa shahada hawakuhusika nalo hata kidogo. Sifa mbaya ya chuo huanza hivyo: tukio moja, picha nyingi, halafu miaka kumi ya kurudia.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hawalifikirii. Chuo kinachokimbiliwa na wenye daraja la kwanza kitatoa wahitimu wazuri hata kikifundisha kwa ulegevu, kwa sababu waliingia wakiwa wazuri. Sifa yake kubwa inatoka kwa walioingia. Kazi waliyofanyiwa ndani ya miaka mitatu au minne hatujaipima bado.

Ukitaka kuipima, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kozi hiyohiyo. Muulize kwenye maabara kompyuta ngapi zinawaka na mnakaa wangapi kwenye moja. Muulize mradi wa mwaka wa mwisho anausimamia nani, na kama anausoma au anasaini tu. Mafunzo kwa vitendo walitafutiwa nafasi au kila mtu alihangaika kivyake? Msimamizi alifika kazini kuwaona, au alipiga simu? Matokeo ya muhula yanatoka kabla muhula mwingine haujaanza, au watu wanaingia darasani hawajui kama wana sapu, yaani mitihani ya kurudia? Uliza maswali hayohayo kwa mtu wa Mlimani, kisha linganisha.

Na hili hukuliuliza, mama, lakini lipige hesabu: bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, ni shilingi 10,000 kwa siku, iwe Dodoma au Dar es Salaam. Akikosa hosteli Dar atapanga Msewe au Changanyikeni kwa kodi ya huko. Binti anayekula mara moja kwa siku hawezi kupiga msuli, hata chuo kiwe na jina gani.

Mkwawa na DUCE vyeti vyao vinatambulika? (Watatu wameuliza)

Ni vyuo vikuu vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shahada ni ya Dar es Salaam. Naomba mwakani lisiulizwe tena.

Nimetumiwa WhatsApp orodha ya vyuo bora Tanzania. Kwenye moja Mlimani ni ya kwanza, kwenye nyingine Muhimbili. Niamini ipi? (PCB, Moshi)

Zote mbili zinaweza kuwa kweli, maana hazipimi kitu kimoja. Ile inayosambazwa sana, ya Webometrics, inatengenezwa Hispania na hutazama zaidi uwepo wa chuo kwenye intaneti: tovuti nyingine zinazokiunganisha, tafiti zake zinavyonukuliwa. Orodha ya Times Higher Education inatoa uzito mkubwa kwa tafiti na manukuu, na ndiyo maana Muhimbili, wanaotafiti malaria, kifua kikuu na UKIMWI pamoja na wenzao wa nje, iliwahi kukaa juu ya Mlimani. Hakuna mpimaji wa orodha hizo aliyekaa nyuma ya darasa la fiziolojia kuona mhadhiri anafundishaje.

Wewe ni PCB (fizikia, kemia na baiolojia), bila shaka unawaza udaktari. Kwa udaktari tazama hospitali kabla ya chuo. Muhimbili wana Hospitali ya Taifa mlangoni, pamoja na Mloganzila, kwa hiyo utaona magonjwa ambayo kwingine utayasoma kwenye desa (notisi) tu. UDOM wana Hospitali ya Benjamin Mkapa jirani yao. Ndaki ya afya ya Mlimani iliyoko Mbeya inatumia Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Uliza wanafunzi wangapi wanazunguka kitanda kimoja cha mgonjwa wakati wa kupita wodini. Wakiwa wengi, wa nyuma wanaona migongo ya wenzao, na mwaka wa utarajali ndipo utakapojua ulipitwa na nini. Wote mwisho wa safari mnasajiliwa na Baraza lilelile la Madaktari.

Nataka sheria. Mlimani au Mzumbe? Baba anasema wakili wa kweli ni wa Mlimani. (Binti, Iringa)

Kitivo cha kwanza cha Mlimani kilikuwa cha sheria, na mawakili na majaji waliotoka pale ni wengi kuliko kwingine. Mpe baba haki yake hapo. Lakini uwakili haupatikani kwa shahada peke yake. Lazima upite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School), na pale wanakutana wahitimu wa vyuo vyote, vya umma na binafsi.

Oktoba 2022 matokeo yake yalitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani na 265 wakadisko, yaani wakaondolewa masomoni. Serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kutafuta chanzo. Mitaani watu walitaka kujua chuo gani kimeangusha wengi, wapate wa kumcheka. Mimi namba zile ziliniuma, na bado zinaniuma, kwa sababu kijana aliyepita miaka ya shahada akishika GPA ya 3.8 hapaswi kufika pale akashindwa kuandika hati ya madai.

Basi Mlimani au Mzumbe, uliza kama wana mahakama ya mfano inayofanya kazi kila muhula, kama msaada wa kisheria kwa wananchi unafanywa na wanafunzi wenyewe, na kama mtihani unadai uandike hoja au umwage ulichokariri. Kiingereza chako cha kuandika pia anza kukinoa leo. Wengi kinawaangusha, na hawapendi kuambiwa.

Uhandisi: MUST, Mlimani au DIT? (Fundi, Mbeya)

Mlimani ina jina, maktaba na wahadhiri wenye miaka mingi ya uhandisi. MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, imetokana na chuo cha ufundi cha Mbeya, na DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ni taasisi ya ufundi tangu 1957, kwa hiyo hizo mbili zina damu ya karakana. DIT haiko chini ya TCU kama vyuo vikuu, iko upande wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, lakini inatoa shahada za uhandisi. Hakikisha kozi yenyewe, kwa jina lake kamili, inatambuliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Siku hizi kozi zinabuniwa majina marefu ya kuvutia, kijana anasoma miaka minne, halafu Bodi inamwambia haimjui. Ukishajiridhisha na hilo, kwa mtu aliyekwisha kushika spana kama wewe, nisingeona haya kuchagua Mbeya.

SUA si chuo cha wakulima tu? (Jina limehifadhiwa)

Unachokula leo asubuhi kimetoka wapi? SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kuna tiba ya wanyama, misitu, teknolojia ya chakula, wanyamapori. Wale panya buku wanaonusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu wanafunzwa pale Morogoro na shirika la APOPO kwa ushirikiano na SUA, na mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu Uingereza 2020 kwa kazi aliyofanya Kambodia. Kama kilimo kinakutia aibu, usiombe nafasi pale. Yuko anayeihitaji.

Nasoma Chuo Kikuu Huria huku nafanya kazi. Wenzangu wananiambia kwenye ajira sitafikiriwa. (Karani, Singida)

Fungua tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira usome sifa za mwombaji. Imeandikwa shahada "kutoka chuo kinachotambulika na Serikali". Haijaandikwa Mlimani wala Huria. Baada ya hapo kuna usaili wa mchujo, wa kuandika, na karatasi ile haina pa kujaza sifa za chuo chako. Usipopita mchujo, humfikii wa mahojiano. Rais Samia alisomea utawala IDM Mzumbe, chuo cha uongozi wa maendeleo, miaka ambayo ilikuwa haijawa chuo kikuu, na shahada ya uzamili akaipata kwa mpango wa pamoja wa Chuo Kikuu Huria na chuo kimoja cha Marekani. Wenzako wakitaka mjadala, wape huo.

Onyo moja: Huria hakuna wa kukusukuma. Wengi wanaishia njiani bila kufukuzwa na mtu. Jipangie saa zako kabla ya kulipa ada.

Mimi niko Wete. SUZA au nivuke bara? (Bi mdogo, Pemba)

Kama ni Kiswahili, utalii au ualimu, sioni sababu ya kuvuka kwa ajili ya jina peke yake. SUZA ni chuo cha umma cha Zanzibar kwa sheria ya 1999, na kina kampasi huko huko Pemba. Kama ni kozi ambayo SUZA hawana, vuka. Fuatilia Bodi ya Mikopo ya Zanzibar mapema kabla hujahesabu nauli.

Nimechaguliwa vyuo vitatu vya umma, nasubiri wazee wakae kikao wanishauri. (Dodoma)

Kikao lini? Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja ndani ya muda uliotangazwa na TCU, kwa namba ya siri iliyotumwa kwenye simu yako. Usimpe mtu wa steshenari akuthibitishie, na usimtumie hela kishoka yeyote anayedai ana mtu ndani ya chuo. Muda ukipita, nafasi zote tatu zinapotea na unaanza upya kwenye awamu nyingine, kozi nzuri zikiwa zimejaa. Wapigie wazee leo jioni, na kesho asubuhi uthibitishe.