Unahamia Dodoma mwezi wa saba? Njoo utafute mtaa sasa, mvua ikiwa bado inanyesha

Dada, hongera kwa uhamisho, na pole kwa pilika zake. Nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu mambo mengi ndani yake yalinikuta mimi. Umesema unatoka Dar, unaripoti Mji wa Serikali Mtumba mwanzoni mwa Julai, una watoto wawili wa shule ya msingi na mama mzazi mwenye presha, na mfukoni una laki tatu ya kodi kwa mwezi. Umepanga kuja Juni kutafuta nyumba, na kuna dalali ameshakurushia picha za nyumba ya vyumba vitatu anayosema "inagombaniwa".

Kabla sijakutajia mtaa wowote, naomba ubadilishe ratiba. Usisubiri Juni. Sasa ni Machi na mvua za Dodoma bado hazijakatika. Siku hizi kuna treni ya SGR, imeanza kufika huku 2024, kwa hiyo unaweza kuja na kurudi bila kupoteza siku nzima barabarani. Njoo wiki hii au ijayo, mvua ikikunyeshea ukiwa unazunguka ushukuru. Ukija Juni utaukuta mji mzima mkavu, kila kiwanja kinafanana na mwenzake, na hakuna atakayekuambia maji hupita wapi.

Mimi nilikuja Oktoba 2017. Serikali ilikuwa imetangaza mwaka mmoja nyuma kwamba safari hii inahama kweli, baada ya uamuzi uliokaa tangu 1973, na sisi watumishi tukaanza kuja kwa awamu. Nyumba zilikuwa zinakimbiliwa. Nikapata yangu kwa picha za WhatsApp, Nkuhungu: taili nyeupe, dari ya gipsamu, geti jeusi, rangi mbichi inayonukia. Kodi laki mbili na nusu, miezi sita mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali. Milioni moja na laki saba na nusu ikaondoka kabla sijalala humo hata usiku mmoja.

Udongo wa pale ulikuwa mweusi wenye nyufa, mguu wa mtoto unaweza kuingia. Nikajisemea ni ukame tu. Nyumba ya jirani ilikuwa na ngazi nne mpaka mlangoni, yangu ilikuwa na moja. Nikadhani mwenzangu kapenda urembo. Jirani huyo alikuwa bibi wa Kigogo, kila asubuhi nikimpigia "mbukwenyi" anaitika kwa furaha, na siku moja aliniambia taratibu, "Mwanangu, hapa maji hulala." Nikaitikia tu, sikumwelewa. Kwetu Dar maji yanapita, hayalali.

Wiki moja kabla ya Krismasi ikanyesha usiku kucha. Saa kumi alfajiri mwanangu akaniita, godoro lake limelowa chini. Maji hayakuja kwa kishindo, yalipanda polepole yakitokea chooni na chini ya mlango wa nyuma, mekundu, yenye harufu. Yalikaa siku tatu. Yalipopungua, ile rangi mbichi kwenye chumba cha watoto ikaanza kuvimba na kubanduka kama ganda la yai. Chini yake ukatokea mstari wa kahawia, umenyooka ukuta mzima, usawa wa goti langu. Mstari wa mwaka mwingine. Mwenye nyumba alijua, dalali alijua, na ile rangi ilipakwa kwa ajili yangu. Nilihama Januari, miezi mitatu ya kodi nikaiacha, kwa sababu mkataba niliousaini mwenyewe haukusema lolote kuhusu kurudishiwa.

Sisemi Nkuhungu yote ni hivyo. Kuna sehemu zimeinuka na watu wanaishi vizuri miaka na miaka. Lakini udongo ule wa mbuga unavimba ukinywa maji na unapasuka ukikauka, na penye bonde maji hayana pa kwenda. Hilo ndilo ningelijua kama ningekuja msimu wa mvua, hata kwa siku moja tu.

Ikishindikana kabisa kuja sasa, ukaja Juni, basi itabidi usome alama. Chungulia kwa majirani kabla ya kuingia kwenye nyumba yenyewe. Ukiona ngazi nyingi milangoni, vizingiti vya saruji vimejengwa juu ya vizingiti vya zamani, viroba vya mchanga vimesahaulika pembeni mwa ukuta, basi umeshajibiwa. Ndani angalia pembe za madirisha: ufa unaoteremka kimshazari kutoka kona ya dirisha ni udongo unaocheza chini ya msingi. Rangi mpya iliyoishia kiunoni, na juu yake rangi ya zamani, uliza kwa nini. Na muulize mtu asiye na faida na jibu, mama wa genge, fundi cherehani wa barazani, kijana wa bodaboda. Mimi siku hizi nauliza, "Mvua kubwa ikinyesha, wateja wako mnawashushia wapi?" Bodaboda atakuonyesha kwa kidole pale barabara inapokatika.

Ukame nao una faida yake, unakuonyesha maji ya bomba. Dodoma maji ni ya visima zaidi, mengi yanatoka bonde la Makutupora, visima vya Mzakwe, na mji umekua kuliko mabomba. Kwa hiyo kuna mgao, na mgao haulingani mtaa kwa mtaa. Usiulize "maji yapo?" Kila mtu atakujibu yapo. Uliza, "Yalitoka lini mara ya mwisho, na yalitoka saa ngapi?" Kama yanatoka usiku wa manane mara mbili kwa wiki, na nyumba haina simtanki, wewe ndiye utakayekuwa unaamka kukinga ndoo, halafu saa kumi na mbili uko kituoni.

Halafu omba kuona birika. Nasema kweli. Mtaa wa pili niliohamia, mama mmoja alinikaribisha chai, nikaliona birika lake ndani limejaa ukoko mweupe mgumu kama chokaa, na chai yenyewe ina ladha ya chumvi. Nyumba ile ilikuwa inatumia kisima cha uani. Sabuni haitoi povu, nguo nyeupe zinafifia, ngozi inakauka. Kwa mama yetu mwenye presha, ambaye bila shaka ameshaambiwa apunguze chumvi, hilo si dogo, muulize daktari wake. Mimi nilichagua nyumba ya tatu kwa birika, sikuchagua kwa taili.

Sasa mitaa. Dodoma barabara kuu zinatoka mjini kama vidole: ya Morogoro na Dar kwenda mashariki, ya Singida magharibi, ya Arusha kaskazini, ya Iringa kusini. Mtumba iko kwenye ile ya Morogoro, kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji. Hilo peke yake linaondoa nusu ya picha za dalali wako. Ukikaa Nkuhungu au Kizota utavuka mji mzima kila asubuhi na kila jioni. Ukikaa Miyuji utashuka mpaka mjini ndipo uanze safari. Nilifanya kazi hiyo miaka miwili na najua inavyochosha.

Ila sikushauri ukabanane na ofisi pia. Nilipokuja, wizara nyingi zilikuwa zimehifadhiwa kwenye majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Wenzangu wengi walipanga karibu na chuo kwa sababu hiyo. 2019 tukahamishiwa Mtumba, ikawa kilio. Ofisi inahama, bosi anahama, wewe mwenyewe unaweza kupelekwa idara nyingine. Kinachobaki pale pale ni shule ya watoto na hospitali ya mama.

Kwa hiyo kwa hali yako ningeanza kutafuta kuanzia Kisasa mpaka Nzuguni, na Ilazo na Swaswa kwa upande ule wa Ipagala. Kisasa viwanja vilipimwa, barabara za ndani zinaeleweka, na daladala za Mtumba unazikuta njiani bila kuingia mjini. Nzuguni ina stendi kuu ya mabasi pale Nanenane na soko la Job Ndugai, kwa hiyo nyanya na mchicha havikupi shida, na ndugu wakija kutoka mkoani hawahangaiki. Mwanzoni mwa Agosti, wakati wa maonyesho ya wakulima ya Nanenane, foleni na vumbi pale utavumilia. Nzuguni ni kubwa na haifanani: kuna sehemu zimejengwa vizuri, na kuna sehemu za ndani ambako usiku ni giza na njia ni mchanga mtupu.

Ihumwa na Mtumba kwenyewe kodi inaweza kukuvutia, na viwanja ni vikubwa. Ungekuwa peke yako ningekuambia nenda. Lakini una mama mwenye presha, na ikipanda saa nane za usiku unataka uwe karibu. Hospitali ya Benjamin Mkapa iko eneo la Chuo Kikuu, upande huo huo wa mashariki, na hospitali ya rufaa ya mkoa, ile wenyeji wanaiita Jenerali, iko mjini. Ukiwa Kisasa uko katikati ya zote mbili.

Area C na Area D ni pazuri, patulivu, miti ipo, lakini kwa laki tatu kupata nyumba nzima yenye chumba cha chini kwa mama utazunguka sana. Makole na Majengo ni mjini kabisa, kila kitu mkononi, kelele nazo zipo.

Ukiwa umepata mitaa miwili, usimkabidhi mtu hela. Lala. Chukua chumba cha gesti au umwombe ndugu, ulale humo humo mtaani siku tatu, na moja iwe Jumatatu. Toka saa kumi na mbili kamili asubuhi, simama kituoni na mkoba wako kama mtu anayekwenda kazini, panda daladala mpaka Mtumba, hesabu dakika na hesabu zimepita ngapi zimejaa kabla hujapata ya kupanda. Mimi nilifanya hivyo Kisasa 2019 na ndiyo iliyonifanya nihame kutoka kona niliyoipenda kwenda nyumba isiyovutia iliyokuwa hatua mia mbili karibu zaidi na lami. Jioni tembea tena saa mbili usiku. Sikiliza. Grosari ya jirani inafunga saa ngapi? Watoto bado wanacheza nje, au mtaa umeshafungwa mageti? Pita pia Ijumaa usiku kama unaweza, siku nyingine haziwezi kukuambia ukweli wa grosari.

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya kulipa, usisubiri kupeleka barua ya utambulisho ukiwa umeshahamia. Msalimie, mwambie unataka kuhamia na unakuja na mama mzee. Mwulize nyumba ile ni ya nani hasa, ina mgogoro wowote, na kama ipo ndani ya hifadhi ya barabara. Mji huu unajengwa kwa kasi, barabara ya mzunguko ya nje peke yake ina kilomita 112, na hutaki kuamka siku moja ukute ukuta wako umewekwa alama ya X. Mwenyekiti wangu alinijibu yote akiwa amekaa barazani, na mwisho akaniambia, "Mama, ile nyumba nzuri, ila mwenye nyumba ana wake wawili na wote wanadai kodi." Sentensi hiyo moja iliniokoa kuliko dalali wote niliowahi kuwalipa.

Kwenye mkataba omba miezi mitatu. Watakuambia Dodoma ni sita, na kweli wengi ndivyo wanavyotaka, lakini nyumba iliyokaa tupu mwezi mzima mwenye nyumba anashuka. Akigoma, kubali sita kwa sharti liandikwe kwa mkono mbele ya mwenyekiti: maji yakiingia ndani, kodi iliyobaki inarudishwa. Wangu wa Kisasa alisaini bila kinyongo. Aliyekataa kabla yake, nilirudi kumtazama jirani yake, nikakuta vizingiti viwili.

Na viwanja utakavyotajiwa ukifika tu, achana navyo mpaka umemaliza masika moja na kiangazi kimoja huku.

Kuhusu mizigo uliyouliza mwishoni: kitanda cha mama na godoro lake lete, usimbadilishie. Madumu na ndoo zenye mifuniko lete zote. Mablanketi lete mazito, maana Julai usiku baridi ya huku inaingia na upepo, na mama ataisikia magotini. Zulia la sebuleni liache kwa dada yako Dar. Kuanzia Julai mpaka Oktoba vumbi linapita hata kwenye dirisha lililofungwa, na sakafu tupu unaipiga deki kwa nusu ndoo.

Nitumie jina la mtaa ambao dalali amekutajia kwenye zile picha. Kama ni upande huu wa mashariki, Jumapili baada ya kanisa naweza kupita nikakuangalizia vizingiti vya majirani.