Maswali na Majibu: Afisa wa Jeshi Anapoomba Kuiachia Kamisheni (Cheo Chake cha Uafisa)

Swali: Mdogo wangu ni luteni. Je, akishawasilisha barua ya kujiuzulu anaweza kufungasha virago siku hiyo hiyo?

Jibu: Hawezi, na nakusihi umzuie asijaribu. Barua ya kujiuzulu ni ombi, na mwombaji hubaki afisa hadi aarifiwe kwamba ombi lake limekubaliwa. Sheria ya kijeshi ya Marekani humhesabu kuwa mtoro afisa anayeacha kituo chake kabla ya taarifa hiyo, bila ruhusa na kwa nia ya kutorudi. Kanali Robert E. Lee wa Jeshi la Marekani aliandika barua yake tarehe 20 Aprili 1861, sentensi moja tu baada ya utumishi wa zaidi ya miaka 30. Ilikubaliwa tarehe 25, ilhali tarehe 23 alikuwa ameshapokea uongozi wa majeshi ya Virginia, jimbo lililokuwa likijitenga na Marekani. Afisa wa leo asiige haraka hiyo.

Swali: Kwa nini jeshi limng'ang'anie mtu aliyekwisha kuchoka?

Jibu: Mara nyingi ni kwa sababu ya deni la utumishi. Mhitimu wa West Point, chuo cha maafisa wa jeshi la Marekani, hudaiwa angalau miaka 5 ya utumishi, na aliyesomeshwa urubani hudaiwa zaidi.

Swali: Kujiuzulu na kustaafu si jambo moja?

Jibu: La. Nchini Marekani, anayestaafu kwa kawaida huwa ametimiza miaka 20 na hulipwa pensheni ya kila mwezi, ambayo anayejiuzulu mapema huikosa.

Swali: Mimi ni kapteni. Nikipewa amri ambayo dhamiri yangu inaikataa, nijiuzulu?

Jibu: Kapteni, amri iliyo haramu waziwazi hukataliwa papo hapo, wala haingoji barua. Ugumu uko kwenye amri inayohesabiwa kuwa halali. Luteni Ehren Watada wa Marekani, aliyeamini kwamba vita vya Iraq vilikuwa haramu, aliomba kujiuzulu mwanzoni mwa mwaka 2006 akakataliwa. Mwezi Juni kikosi chake kilipoondoka kwenda Iraq, alibaki. Alishtakiwa katika mahakama ya kijeshi, kesi ikavunjika mwaka 2007 bila hukumu, na aliruhusiwa kuondoka jeshini mwaka 2009. Namheshimu kwa kutojificha: alitaja sababu yake hadharani na aliendelea kuripoti kazini muda wote huo. Nawe onana kwanza na mwanasheria wa kijeshi, andika sababu yako ya kweli kwa maneno machache, tunza nakala, kisha uendelee kuwahudumia askari walio chini yako hadi jibu lifike.